Gharama za kuhifadhi injini za boti zipungue

Ndugu Mhariri,

Uvuvi unapofungwa katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, sisi wenye boti hupeleka injini Moshi mjini ziandaliwe kuhifadhiwa, na baadhi ya mafundi hututoza bei ya matengenezo makubwa. Kazi yenyewe ni kumaliza petroli kwenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), ambayo ikilala miezi kadhaa huacha utando unaonata na kuziba jeti, yaani vitundu vidogo vya kupitishia petroli, kutia oili kidogo kwenye silinda kupitia tundu la plagi, na kubadilisha oili ya gia. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili, yaani mpira wa kuzuia maji, ibadilishwe. Ulaya maji yakiganda huweza kupasua injini, lakini hapa hofu hiyo haipo. Naomba mafundi waandike bei ya kila kazi kwenye risiti, maana mvuvi aliyesimama hana kipato.

Mvuvi, Moshi