Usiniambie ni jeni tu

Nyegezi, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo. Baba yako karudi kutoka Ukerewe, mguu umepata nafuu. Shangazi yako bado yuko Kirumba na dagaa wake, na malalamiko ya bei ni yale yale.

Sasa nije kwenye ujumbe wako wa Jumapili. Umeandika kwamba mdudu akilea watoto wake hakuna cha kushangaza, "ni jeni tu". Mwanangu, hilo "tu" nimewakatia wanafunzi maksi miaka yote niliyofundisha baiolojia. Kila mdudu ana jeni, yaani vinasaba anavyorithi kwa wazazi. Wale wa ziwani wanaojaa kwenye taa ya baraza mwezi unapoandama wanazo pia, lakini wanataga majini na kufa bila kumjua mtoto hata mmoja. Swali ni kwa nini huyu analea na yule halei, na "jeni tu" haijibu hapo.

Mchukue ndorobo, yule nzi anayenyonya damu. Jike lake halitagi. Yai moja linapevuka, linaanguliwa humo humo tumboni, na buu anabaki kwenye mji wa mimba akinyonya maziwa. Ni maziwa kwelikweli, mafuta na protini, yanatoka kwenye tezi iliyotambaa tumboni kama mizizi. Siku tisa au kumi hivi anazaliwa buu mmoja, mweupe, ana vinundu viwili vyeusi nyuma, uzito wake unakaribia wa mama yake au hata kuuzidi. Hapo hapo anajichimbia ardhini, ngozi inakauka na kuwa nyeusi, na hali kitu tena mpaka atoke akiwa nzi kamili baada ya kama mwezi. Chakula chote alishapewa kabla ya kuzaliwa.

Jenomu ya ndorobo, yaani jeni zake zote pamoja, ilichapishwa mwaka 2014, jeni kama 12,000. Mama akiwa ananyonyesha, zaidi ya asilimia 40 ya kazi yote ya kusoma jeni mwilini mwake inakwenda kwenye protini chache za maziwa. Na tezi yenyewe si mpya: nzi wengine wanayo, ndogo, kwa shughuli nyingine za uzazi. Kwa ndorobo imekuzwa na kupewa kazi ya kunyonyesha. Mageuko ndivyo yanavyofanya mara nyingi, yanachukua kilichopo. Ndani ya maziwa hayo mama anampa mtoto pia bakteria aitwaye Wigglesworthia, anayetengeneza vitamini B ambazo damu haina za kutosha. Jike akimkosa bakteria huyo, hazai.

Lakini malezi ya namna hiyo yana bei. Nzi wa nyumbani anataga mamia ya mayai. Ndorobo maisha yake yote anapata watoto wanane, tisa, akibahatika kumi. Ndiyo maana ukiua asilimia mbili au tatu tu ya majike kila siku, bila kuacha, idadi yao inaporomoka. Mbu huwezi kummaliza hivyo. Unakumbuka vile vitambaa vya bluu na nyeusi kando ya barabara Serengeti, vilivyotiwa dawa? Ndorobo anaifuata rangi hiyo, na wewe ulivaa gauni la bluu siku ile, ukalia hadi lango la Ndabaka. Unguja walipita njia nyingine: walimwaga madume yaliyofanywa tasa, kwa kuwa jike kwa kawaida hupandwa mara moja, na kufikia 1997 ndorobo wakawa wamekwisha kisiwani. Simtetei, usinielewe vibaya. Mwanzoni mwa karne iliyopita malale, ugonjwa anaoueneza yeye, yaliua watu zaidi ya 200,000 upande wa Uganda, kwenye fukwe za ziwa hili hili.

Kuhusu akina baba, hapo ndipo utapapenda. Mwaka 1959 Thomas Odhiambo, Mkenya aliyekuwa akifanya utafiti Uganda, aliandika habari za kunguni-mwindaji (si yule wa kitandani) wa jenasi Rhinocoris ambaye dume ndiye anayelinda mayai. Baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kusoma kwa Wigglesworth, mtaalamu wa wadudu, yule ambaye bakteria wetu kapewa jina lake, na mwaka 1970 akaanzisha ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu. Kituo chao cha Mbita kiko ziwani hapa hapa, upande wa Kenya. Kwa hesabu ya mwanabiolojia Hamilton ya mwaka 1964, malezi yanalipa pale faida kwa mtoto, ukiizidisha na kiwango cha undugu wao, inapoizidi gharama ya mzazi. Mama anajua nusu ya jeni za mtoto ni zake. Baba ana mashaka, na akikaa kulea anakosa majike mengine. Sasa kwa jamaa mmoja wa kunguni huyo, Rhinocoris tristis, majike wanampenda dume aliyekwisha kukalia mayai, wanakuja kumwongezea yao. Kulinda hakumnyimi wake, kunamletea. Na akiwa analinda anakula baadhi ya mayai ya pembeni! Nilimsomea baba yako, akasema huyo angalau hasubiri kupakuliwa.

Kuna pia mbawakawa wa Ulaya anayezika mzoga mdogo, wa panya au ndege, kisha kuwalisha mabuu wake mdomo kwa mdomo. Watafiti wamekuta kwamba mfumo wa kemikali za ubongo unaohusika na kula unabadilika anapokuwa mzazi: kilichokuwa cha njaa yake sasa kinahusika na kulisha wengine. Cambridge nao waliwafuga mbawakawa hao vizazi mfululizo wakiwaondoa wazazi kabla mabuu hawajaanguliwa. Mwanzoni mabuu walikufa wengi. Vizazi vilivyofuata wakawa wanajimudu zaidi na zaidi bila mzazi. Kwa hiyo jeni za mtoto nazo zinafuata malezi anayoyakuta, na ukiyaondoa, zinachujwa upya. Hilo ulitie kwenye jibu lako badala ya "tu".

Na mradi wako, usichague nyuki. Darasa zima litachagua nyuki. Kunguni wa Odhiambo hahitaji maabara ya gharama: anahitaji magugu, daftari, na mtu mwenye subira ya kukaa juani. Muulize msimamizi wako kabla ya likizo, uniambie mapema, maana nauli ya Morogoro hadi hapa nataka niitume kabla shangazi yako hajaja kukopa.

Mama yako