Gari liulizwe linalala wapi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya magari ya namba za Kenya ambayo wenyewe wanaishi hapahapa Moshi. Simsemi mgeni. Kila Desemba Wachaga wanaofanya kazi Nairobi hurudi kula Krismasi nyumbani na magari yao, barabara ya Rombo inajaa namba za K, na sisi wafanyabiashara wa Himo tunawashukuru. Ninaowasema ni wale ambao gari limesajiliwa Nairobi kwa jina la kampuni, na kampuni hiyo haina kazi nyingine ila kumiliki gari. Gari lenyewe linalala Shanty Town, hapa Moshi mjini, mwaka mzima. Kibali cha muda ambacho gari la nje hupewa mpakani kikikaribia kuisha, linapelekwa mpakani Holili, linavuka Taveta upande wa Kenya, linageuza, linarudi na kibali kipya.

Wanachokwepa nakijua. Nina Noah moja inayobeba abiria kati ya Himo na Marangu, na karatasi ya makadirio niliyopewa wakati wa kuikomboa bandarini Dar es Salaam bado ninayo. Ushuru wa forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, na mwingine wa uchakavu kwa sababu gari lina umri. Halafu VAT asilimia 18 inapigwa juu ya jumla ya hivyo vyote, siyo juu ya bei uliyonunulia Japani peke yake. Nilikopa SACCOS nikalipa.

Mdogo wangu anaishi California, anasema mchezo huu uko hata Marekani. Kule watu hukimbilia Montana, jimbo lisilo na kodi ya mauzo, wakati California kodi hiyo inaanzia asilimia 7.25. Unafunguliwa kampuni na wakala, Montana kwenyewe hujawahi kukanyaga, kampuni inanunua gari, namba zinakuja kwa posta. Ila California haiangalii namba tu, inauliza gari linatumika wapi, na ikimbaini mtu inamdai kodi yake na adhabu juu.

Kodi peke yake isingenifanya niandike barua hii. Mtoto wa jirani yangu, dereva wa bodaboda, aligongwa pale Njia Panda na gari la namna hiyo. Dereva alisimama, akaomba radhi, akaacha namba ya simu. Gari la namba ya T, yaani ya Tanzania, bima yake unaihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, ukiwa umeshika simu. La huyu tulionyeshwa kadi ya njano, bima ya magari yanayovuka mipaka, ambayo muda wake ulikuwa umeshapita. Tulipomfuata akasema gari si lake, ni la kampuni, ameazimwa tu, tumdai mwenyewe. Mwenyewe ndiye nani? Ikabidi kutafuta wakili upande wa Kenya, na jibu lililokuja ni jina la kampuni na sanduku la posta la Nairobi. Mguu wa kijana umeungwa kwa vyuma hospitali ya KCMC, mama yake akauza ng'ombe, na vyuma hivyo vitatakiwa kutolewa. Gari nalo naliona siku za soko, bampa limeshanyooshwa na kupigwa rangi mpya.

Kibali cha muda kiliwekwa kwa ajili ya mtu anayekuja na kuondoka. Naomba mamlaka zinazohusika mpakani, kabla ya kugonga muhuri, zimuulize anayeendesha kitambulisho chake cha NIDA na mahali anapoishi. Akiwa ni mkazi wa Kilimanjaro, gari lilipiwe kodi lipate namba ya T. Kama ana sababu ya kweli ya kuendesha gari la kampuni ya Kenya, na zipo, maana wako wanaofanya kazi pande zote mbili, basi aandikishwe kwa jina lake kwamba ndiye atakayedaiwa likitokea la kutokea, na bima iwe hai hadi siku ya mwisho ya kibali. Nao wenye magari haya wasisubiri kubanwa. Wengine tunakaa nao benchi moja kanisani, tuko nao kwenye vikoba, na wanamjua huyu kijana. Waanze kwa kulipia bima wiki hii.

Mmiliki wa Noah ya abiria,
Himo, Moshi