Moshi wa jikoni kwako ni kuni ambazo hazijaungua

Ukisimama juu ya kilima cha Bugando, Mwanza, alfajiri ya kiangazi, kuna asubuhi unaona utando wa kijivu umelala mabondeni. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko ziwa. Hewa ya baridi, ambayo ni nzito, huteremka kutoka vilimani na kutuama chini, na hewa ya vuguvugu iliyo juu yake inakuwa kama mfuniko. Moshi wa majiko, wa takataka zinazochomwa na wa magari ya dizeli haupati pa kutokea mpaka jua lipande na upepo wa ziwani uanze kuvuma.

Asili nayo inachangia: vumbi la kiangazi, moto wa nyika, hata majivu ya volkano kama yale ya Oldoinyo Lengai mwaka 2007 na 2008. (Mawingu meusi yanayosimama juu ya maji kama moshi wa meli ni wadudu wa ziwani, hayo si uchafuzi.) Volkano hatuna la kuifanya. Jiko la mama lishe au la mkaanga samaki tunaliweza, na ndilo lililo karibu zaidi na pua yako.

Kuni ikipata joto hutoa kwanza gesi na mvuke wa lami. Vikikutana na moto mkali na hewa ya kutosha, vinawaka na kuwa mwali. Vikikosa kimojawapo vinapanda vivyo hivyo, vinakuwasha macho na kugandisha masizi kwenye sufuria. Yaani hela uliyonunulia kuni inatokea dirishani.

Sababu ya kwanza ni maji. Kuni iliyokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji; mzigo wa kilo 20 una karibu lita 10, na moto wako unazichemsha zote kabla ya kuuchemsha mchuzi. Pasua kuni ziwe na unene wa sentimita 4 au 5, zipange juu ya mawe zisiguse ardhi, ziezeke juu na uache pembeni wazi, kwa miezi mitatu au zaidi. Gonga mbili pamoja: kavu inalia kwa sauti kali, bichi inatoa mlio mzito. Kuni inayotoa povu mwishoni ikiwa motoni bado haijafaa.

Sababu ya pili ni hewa. Wengi hujaza mdomo wa jiko kuni mpaka pomoni, majivu yakaziba chini, kisha wanapuliza siku nzima. Weka wavu wa nondo ili kuni zikae juu na hewa ipite chini yake. Zoa majivu kila asubuhi. Ukingo wa jiko unaoizunguka sufuria uache nafasi ya sentimita 1 hadi 1.5, ikizidi hapo joto linatoroka, ikipungua moshi unarudi mdomoni.

Ukishatengeneza hayo, ndipo ufunge bomba la kutolea moshi, maana bomba kwenye moto mbaya linahamishia moshi kwa jirani. Dirisha peke yake halitoshi: chembe hatari zina kipenyo chini ya mikromita 2.5, unywele mmoja ni kama 70, nazo huelea ndani muda mrefu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza cha chembe hizo hewani, kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo.

Bomba lipande wima, na kichwa chake kizidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Kila kona unayoongeza inapunguza nguvu ya bomba kuvuta moshi. Liwe mbali na mbao za paa kwa sentimita 45. Karibu na moto tumia chuma cheusi, kamwe si bati lenye zinki: zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 419, na moshi wake huleta homa. Safisha masizi kila mwezi, kwa sababu lami ikijaa ndani inaweza kushika moto.

Mkaa unadanganya. Hauna moshi wa kuonekana, lakini unatoa kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, nayo hung'ang'ania damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Mvua ikinyesha, tafadhali usiingize jiko la mkaa chumbani ukafunga mlango. Na usiwashie mkaa kwa mifuko ya plastiki, hasa ukiwa unabanika samaki: sumu yake inaishia kwenye chakula cha mteja wako.

Ukija kwetu mafundi kuagiza jiko, njoo na vipimo vinne: upana wa sufuria yako kubwa, kina chake, urefu kutoka sakafuni hadi mgongo wa paa, na umbali wa ukuta wa jirani. Picha ya paa kwa nje inatusaidia kujua bomba litokee upande gani.