Plasta haizibi tundu lililo kando ya nguzo

Kwa Mhariri,

Hivi majuzi niliitwa Upper Hill kukagua jengo la ofisi ambalo mwenyewe analigeuza kuwa nyumba za kupangisha. Nilimkuta fundi wa mabomba amekwisha kukata kwenye sakafu ya zege tundu la milimita 300 kila upande, milimita 100 tu kutoka kwenye nguzo, na ncha za nondo alizozikata zikingali zinang'aa. Akaniuliza kwa adabu, "Injinia, si nitarudishia plasta tu?"

Jengo lile halina boriti. Slabu, yaani sakafu ya zege, imekalia nguzo moja kwa moja, mtindo unaopendwa kwa kuwa hupunguza kazi ya mbao na kuacha dari tambarare. Mzigo wote wa sakafu huteremkia nguzo kupitia zege lililoizunguka, na zege hilo likizidiwa, nguzo huipenya slabu ghafla, mara nyingi bila dalili ya kutosha kuwaonya walio chini. Ndiyo maana kanuni za Eurocode 2, za Ulaya za kusanifu majengo ya zege, huhesabu kuwa mzingo unaobeba mzigo, yaani mstari wa zege unaoizunguka nguzo, umepungua pakiwa na tundu lolote lililo karibu na nguzo kuliko mara sita ya kina cha nondo (umbali kutoka uso wa chini wa slabu hadi nondo za juu), ambayo kwa slabu ya milimita 200 ni karibu mita nzima. Nguzo ile ni ya milimita 400. Kwa hesabu yangu, tundu lile moja limekula kama sehemu moja kwa saba ya mzingo, na fundi alikuwa ameshachora la pili upande wa pili.

Duka la Sampoong mjini Seoul, lililoporomoka mwaka 1995 na kuua watu 502, lilikuwa na slabu za namna hii, nguzo zilizopunguzwa unene na sakafu zilizokatwa kupisha ngazi za umeme.

Plasta haibebi kitu. Hata nondo za ziada kandokando ya tundu, ambazo wengi huziamini mno, husaidia zaidi kuizuia slabu isipinde kuliko kuizuia nguzo isipenye. Kinachofaa ni bolti za chuma zinazopitishwa wima, zikakazwa kwa bamba juu na chini, karibu na nguzo ili zivuke ufa wa mshazari unaotokea nguzo inapopenya, au kola ya chuma au zege kichwani mwa nguzo ili kupanua eneo linalokaliwa na slabu. Karatasi za nyuzi za kaboni nazo huongeza nguvu, lakini gundi yake hulegea kwa joto la moto, hivyo mimi siziachii kazi hiyo peke yake. Kabla ya yote slabu itegemezwe kwa jeki, kwani bolti inayofungwa slabu ikiwa imelemewa husaidia tu mzigo utakaoongezeka baadaye.

Naiomba serikali ya kaunti isiidhinishe mabadiliko ya aina hii bila mchoro wa matundu uliotiwa saini na mhandisi wa miundo. Tundu la pili tulilihamisha mita moja na nusu kutoka kwenye nguzo, na gharama yake ikawa kipande cha bomba.

Mhandisi wa miundo,
Nairobi