Hela ya kumaliza mkopo wa nyumba ipo humo humo ndani ya nyumba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua maana nimechoka kusikia watu wanasema mkopo wa nyumba huwezi kuumaliza mapema mpaka upate hela ya ghafla, sijui upandishwe cheo, sijui urithi, sijui biashara ichanganye. Sisi hatukupata hata kimoja. Mshahara ule ule, watoto wanakua na mahitaji yanapanda, na mkopo wa miaka 20 tumeumaliza mwaka wa 14.

Mwanzoni na sisi tulikuwa tunalipa tu bila kuuliza. Ilipotimia miaka mitatu ya kulipa, baba watoto akaenda benki kuomba taarifa ya mkopo, akarudi nayo kimya, akaiweka mezani akaniambia hebu soma mwenyewe. Riba ilikuwa asilimia 10 kwa mwaka, inapigwa kwenye salio linalobaki. Kwa kila 100,000 tuliyokopa tulikuwa tunarejesha kama 965 kwa mwezi, na katika rejesho la kwanza kabisa 833 ilienda yote kwenye riba, deni lenyewe likapungua 132 basi. Yaani ile miaka mitatu tumetoa zaidi ya 34,000 kwa kila 100,000 na deni limeshuka 5,500 tu. Nililia siku ile. Na wala benki hawakutuibia, hesabu ndivyo inavyokwenda, deni likiwa bado kubwa riba inakula karibu rejesho zima, na ukiendelea hivyo hivyo bila kuongeza kitu miaka 10 inafika, nusu ya muda wote, bado unadaiwa 73,000.

Sasa hesabu hiyo hiyo ukiigeuza inakubeba wewe. Weka 1,000 ya ziada mwezi wa kwanza wa mkopo kama huo, inakufutia marejesho ya miezi 7 ya mwishoni. Weka 1,000 hiyo hiyo mwaka wa 18, inafuta mwezi mmoja na kidogo tu. Ukiweza kuongeza asilimia 10 ya rejesho kila mwezi tangu mwanzo, yaani ile 965 ukaweka na 97 juu yake, mkopo unaisha kwa miaka 15 na nusu na riba ya kama 35,000 hutailipa kabisa. Sisi tulichelewa kuanza ndo maana ikabidi tujibane zaidi, tukawa tunaongeza karibu robo ya rejesho.

Hiyo robo ilitoka wapi? Sehemu kubwa jikoni, nasema kweli. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa ripoti mwaka 2024 kwamba chakula kilichotupwa duniani mwaka 2022 kilikuwa tani bilioni 1.05 na asilimia 60 ya hicho kilitupwa majumbani, sio mahotelini wala madukani, majumbani kwetu. Nilipoanza kuandika kila nilichotupa kwa mwezi mmoja niliona aibu. Tukaanza vitu vidogo, shelfu moja ya friji ikawa ya vitu vya kuliwa kwanza, hakuna kwenda kununua kitu kabla ya kufungua friji na kabati kuangalia kilichopo, kiporo kina siku yake kwenye ratiba na hakuna wa kukikunjia uso, na chakula cha kazini tunabeba kutoka nyumbani. Hatukulala njaa hata siku moja na watoto hawakukosa matunda, ila ile tabia ya kuagiza chakula kwa simu kwa sababu tu tumechoka ndo ilikufa, na ndiyo iliyokuwa inakula hela kuliko tulivyodhani.

Kwenye umeme ni maji ya moto. Watu wanahangaika na kuzima taa wakati mashine ya kufulia sehemu kubwa ya umeme wake inaenda kupasha maji, ukifua kwa maji ya baridi bili inashuka na nguo zinatakata vizuri tu. Balbu tulibadilisha zote za zamani tukaweka LED, zinatumia umeme pungufu kwa asilimia 75 hivi. Halafu koki inayodondosha tone moja kila sekunde inapoteza zaidi ya lita 11,000 kwa mwaka, yetu ilidondosha miezi kadhaa na kilichohitajika ni mpira mmoja tu.

Lakini Mhariri, haya ya kubana matumizi kila mtu anayasema. Lisilosemwa ni kwamba hela uliyookoa ikilala kwenye akaunti ya matumizi inayeyuka, huioni imeenda wapi. Mwaka wetu wa kwanza tulibana kweli kweli na mwisho wa mwaka hakuna kitu. Kilichotuokoa ni hiki, siku bili ya umeme inapokuja pungufu kuliko ya mwezi uliopita, ile tofauti inahamishwa siku hiyo hiyo kwenda kwenye mkopo, hata kama ni ndogo kiasi gani. Tulitaka kuagiza chakula tukapika badala yake, bei ya ile oda inahamishwa kabla ya kulala. Ndipo deni likaanza kusogea kwa macho.

Na hapo kuna mtego. Miezi minne ya mwanzo benki yetu ilikuwa inapokea ile ziada na kuiandika kama rejesho la mwezi unaofuata lililolipwa mapema, kwa hiyo deni la msingi, yaani ile hela yenyewe tuliyokopa, halikuguswa. Baba watoto ndiye aligundua. Tukaandika barua kwamba kila ziada iende kupunguza deni la msingi na kinachofupishwa ni muda wa mkopo, rejesho libaki lile lile. Soma pia mkataba kama kuna faini ya kulipa mapema, mingine ipo, na uulize kama riba inapigwa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wote wa mwanzo, maana ikiwa ni huo wa pili kulipa mapema kunaweza kusikuokolee sana. Na kama una mkopo mwingine wenye riba kubwa kuliko wa nyumba anza na huo kwanza. Akiba ya dharura usiiguse, sisi tuliacha ya miezi mitatu, mtoto alipolazwa hospitali ndiyo iliyotusitiri. Matibabu na ada za shule hatukubana kabisa, hapo tulikubaliana tangu siku ya kwanza.

Ombi langu kwenu ni moja. Waulizeni wanaokopesha kwa nini wasimwonyeshe mkopaji kila mwezi, bila yeye kuomba, kwamba katika rejesho lake kiasi hiki kimeenda riba na kiasi hiki kimepunguza deni. Wengine wanafanya, wetu hawakufanya, na sisi ile miaka mitatu haitarudi. Na mkiandika kuhusu hilo waambieni wasomaji pia kwamba siku ya kumaliza wasiondoke benki na risiti tu, wadai hati yao ya nyumba na wahakikishe zuio la benki, yaani ile rehani iliyoandikwa juu ya nyumba, limeondolewa kwenye daftari la usajili wa ardhi. Sisi tulifuatilia miezi miwili ndo tukaipata, sasa ipo kabatini, imefungwa kwenye nailoni.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama wa watoto watatu