Baba yangu hakuwa polisi

Mhariri,

Gazeti lenu linaingia nyumbani kwetu tangu nikiwa darasa la tano, na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Leo nimeshindwa kunyamaza kwa sababu ya ile habari yenu ya wiki iliyopita, "Polisi mstaafu azikwa Morogoro". Aliyezikwa ni baba yangu. Alikuwa askari magereza kwa miaka 34 na alistaafu akiwa Sajini Meja.

Mtasema ni neno moja tu. Magereza ilitenganishwa na Polisi mwaka 1931, babu yangu hajaoa bado. Polisi wana Inspekta Jenerali wao, Magereza wana Kamishna Jenerali wao. Baba alipita chuo cha Kiwira, hakupita shule ya polisi ya Moshi. Hukumu ikishatoka mahakamani, polisi anageuza anarudi kituoni. Kazi ya baba ndiyo kwanza inaanza. Kuhesabu watu asubuhi, kuwahesabu wakienda shamba, kuwahesabu wakirudi, kuwahesabu tena kabla ya kufunga milango. Akirudi kota alipita vitandani kwetu na kibatari, akigusa vichwa vyetu kimoja kimoja, hadi sita. Idadi ikitimia ndipo anavua buti. Usiku niliolazwa kwa malaria, mama anasimulia, alihesabu mara tatu akaishia tano, akafunga tena kamba za buti, akaja kukaa kwenye benchi nje ya wodi mpaka kukapambazuka. Mtu huyo ndiye mliyemwandikia mistari minne, mmoja ukisema "alijulikana kwa ukali". Nani aliwaambia? Mwandishi wenu alikaa hatua chache tu kutoka kwa mzee aliyesafiri usiku kucha kutoka Moshi. Mzee yule aliwahi kufungwa Karanga baba akiwa kazini pale, akajifunza kushona viatu kwenye kiwanda cha gereza, na kazi hiyo ndiyo inayomsomeshea wajukuu hadi leo. Alileta jozi ya viatu vyeusi alivyoshona kwa mkono wake, akaomba tumvishe baba. Tulimvisha. Mwandishi wenu aliona yote hayo na hakuuliza swali hata moja!

Na kama ni ukali mnautafuta, nendeni kwenye uhakiki wa wastaafu. Mwaka jana, baba akiwa amepooza mguu wa kulia, alitakiwa kufika mwenyewe kwenye ofisi moja, ghorofa ya tatu, lifti mbovu, ili ionekane kwamba yu hai. Kaka yangu alimbeba mgongoni. Kule juu wakaambiwa mtandao unasumbua, warudi Jumatatu. Baba hakusema kitu, aliomba maji tu.

Ninachotaka ni hiki. Chapeni masahihisho ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule, na muweke picha yake akiwa na kofia ya Magereza, si ile mliyoikata kofia. Kisha bandikeni kwenye ukuta wa chumba chenu cha habari vyeo vyote vya Magereza, kuanzia wada hadi Kamishna Jenerali; nitawaandikia mwenyewe kwa mkono nikitakiwa. Na wale wa uhakiki washushe meza yao chini, waiweke pale getini kwenye mwembe. Kivuli kipo cha kutosha.

Binti yake wa nne,
Kihonda, Morogoro