Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kufungwa Kamba Tangu Chini ya Mti

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati nawaletea taarifa ya kazi za chama chetu cha wawindaji kwa mwaka unaokwisha. Mambo ya fedha na uandikishaji nitayapita haraka, maana mweka hazina na katibu wameyaeleza kwenye karatasi mlizogawiwa: hesabu zimekaguliwa, ada zimeingia vizuri na chama hakidaiwi. Sehemu kubwa ya taarifa hii naitoa kwa jambo moja lililotushughulisha mwaka mzima, nalo ni namna tunavyopanda miti, tunavyokaa juu yake na tunavyoshuka.

Mkutano uliopita ulituagiza tuhakikishe kila mwanachama anayewinda kutoka kwenye dungu, yaani jukwaa dogo la kukalia lililofungwa juu ya mti, anavaa mkanda wa mwili mzima, ule unaopita mabegani, kifuani na mapajani. Tulipoanza kuzungukia madungu tulikuta agizo limetiiwa, na nawashukuru kwa hilo. Lakini tulikuta pia kwamba wengi walipanda bila kujifunga popote, wakafunga kamba ya mkanda kwenye mti baada ya kufika juu na kuketi. Wakati wa kushuka walifungua kamba kwanza, ndipo wakageuka kutafuta kipandio kwa mguu. Kwa maneno mengine, mkanda ulikuwa mwilini wakati wote, ila katika zile dakika za hatari haukuwa umeshikwa na kitu.

Ajali nyingi za madungu huwapata watu njiani: wanapopanda, wanaposhuka, na hasa wanapovuka kutoka ngazini kuingia dunguni au kutoka dunguni kurudi ngazini. Aliyeketi ametulia, uzito wake uko mahali pamoja. Anayevuka anahamisha uzito kutoka kitu kimoja kwenda kingine, mara nyingi alfajiri kabla hapajapambazuka au jioni giza limeshaingia, buti zina matope, koti ni zito, na miguu imeshikwa na ganzi kwa kukaa saa nyingi. Kipandio kikilegea hapo, hakuna muda wa kufikiri. Mtu anayeanguka kutoka mita 6 hufika ardhini baada ya sekunde 1 na kidogo tu, akiwa na mwendo wa karibu kilomita 39 kwa saa. Wapo wanaodai kwamba wangewahi kushika tawi. Nawaomba waiangalie hesabu hiyo tena.

Kwa sababu hiyo kamati ilibadilisha lengo katikati ya mwaka. Tukaacha kuuliza nani anavaa mkanda, tukaanza kuuliza nani amefungwa tangu mguu unapoacha ardhi hadi unaporudi ardhini. Kanuni hiyo hatukuibuni sisi. Watengenezaji wa madungu na walimu wa usalama wa uwindaji wameifundisha kwa miaka. Kilichobaki kwetu ilikuwa kuifanya iwezekane kwenye miti yetu, na njia tuliyoichagua ni kamba ya uhai.

Naomba niieleze vizuri, maana bado wapo ambao hawajaitumia. Ni kamba imara inayofungwa kwenye shina, juu ya kichwa cha mtu aliyesimama dunguni, kisha ikateremka hadi chini ya mti. Juu yake huzungushwa kitanzi cha kamba nyembamba kwa fundo la Prusik, linaloitwa kwa jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelieleza mwaka 1931. Karabina ya mkanda wako, yaani pete ya chuma yenye mlango wa kufungua na kufunga, huingia kwenye kitanzi hicho ungali umesimama ardhini. Unapopanda unalisukuma fundo juu kwa mkono nalo linateleza. Likivutwa kwa ghafla na uzito wa mwili, linaibana kamba na kukushika. Kwa hiyo hufungui chochote unapofika juu. Unaingia dunguni, unaketi, unawinda na unashuka ukiwa kwenye kamba ileile.

Lakini fundo hili lina masharti, na hapo ndipo walimu wetu walipotumia muda mrefu zaidi. Kamba ya kitanzi lazima iwe nyembamba kuliko kamba kuu, la sivyo haitabana. Mizunguko isipungue mitatu, na ikae sambamba bila kupandana. Fundo likae juu yako daima, kamba ya mkanda ikiwa na ulegevu kidogo kabisa, kwa sababu kila sentimita ya ulegevu ni umbali utakaoanguka kabla hujadakwa, na mshtuko huongezeka kadiri umbali unavyoongezeka. Kamba iliyoganda kwa barafu au kujaa matope huenda isibane. Kila mtu, kabla ya kupanda, alivute fundo kwa uzito wake wote akiwa bado chini. Kazi hiyo ni ya sekunde chache.

Swali lililorudi katika kila kikao lilikuwa hili: anayekwenda kuifunga kamba ya uhai kwa mara ya kwanza analindwa na nini? Analindwa na kamba ya kuzungusha shina, kama ile wanayotumia mafundi wa nguzo za umeme. Inatoka pembeni mwa kiuno upande mmoja, inazunguka mti, inarudi upande wa pili, naye anaisogeza juu kadiri anavyopanda. Inaachia mikono miwili ifanye kazi. Hata hivyo, kamba hiyo ni ya kumweka mtu mahali pake, haikutengenezwa kudaka anayeanguka. Miguu ikiteleza inaweza kuporomoka naye kwenye gome. Na akikutana na tawi, haruhusiwi kuifungua ili avuke. Anafunga kamba ya pili juu ya tawi kwanza, ndipo anaifungua ya kwanza. Kazi hii tumeamua ifanywe na watu wawili, mmoja juu na mmoja chini, na mchana.

Kwa wenzetu wanaowinda wakiwa wameegemea kwenye tandiko la kamba, yaani mkanda mpana wa kukalia uliofungwa kwenye mti kwa kamba, badala ya dungu, idadi yao ikizidi kukua, neno langu ni moja: kamba yenu ya mti isilegee hata mara moja. Tandiko nyingi hazikutengenezwa kudaka mtu anayeanguka. Usalama wake unatokana na uzito kuwa kwenye kamba wakati wote. Mtu akisimama wima ili achungulie upande wa pili wa shina, au akikanyaga tawi lililo juu zaidi, kamba inalegea na kinga yake inaondoka. Wanaotumia kamba nyembamba za nyuzi za kisasa zisizonyumbuka wakumbuke kwamba, pamoja na nguvu zake kubwa, hazinyonyi mshtuko, na huyeyuka kwenye joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi, chini sana ya nailoni. Fundo likiteleza kwa kasi juu yake, joto hilo linaweza kufikiwa.

Siku ya ukaguzi wa vifaa ilifanyika kabla ya msimu. Tulikuta mikanda ya kiunoni na ya kifuani ambayo ilipaswa kuachwa zamani. Mkanda wa kiunoni ukimdaka mtu humbana tumbo na mbavu hata akashindwa kupumua, na unaweza kumgeuza kichwa chini. Yote tuliikata vipande mbele ya wenyewe, kwa ridhaa yao. Tulikuta mikanda mizuri iliyopita muda wake. Watengenezaji wengi huandika miaka 5, na mwisho huo upo kwa sababu, kwani jua hudhoofisha nyuzi hata kama jicho halioni kitu. Tulikuta karabina za kuning'inizia funguo, hazina maandishi ya nguvu zake wala kufuli. Karabina ya kupandia huandikwa kipimo cha nguvu zake kwa kilonyutoni, hufungwa kwa kufuli na huvutwa kwa urefu wake, isivutwe kwa upana wala kupitia mlango wake. Na mkanda wowote uliokwisha kudaka mtu hata mara moja hautumiki tena, hata ukionekana mzima.

Jambo lililonisikitisha zaidi ni mikanda ya kukazia, ile inayofunga dungu kwenye shina, iliyoachwa kwenye miti mwaka mzima. Mti hukua na shina hunenepa, kwa hiyo mkanda huvutwa bila mtu kuugusa, huku jua na mvua vikiutafuna na wanyama wadogo wakiuguguna. Mwenye dungu anarudi msimu mpya, analiona limesimama palepale, anapanda. Naomba madungu ya kubandika yashushwe kila msimu unapokwisha, na mikanda yake ibadilishwe. Wakati wa kuyarudisha, tuuchunguze mti wenyewe pia: matawi makavu juu, uyoga kwenye mizizi, mashimo ya kigogota. Mti wa namna hiyo tuuache.

Msimu huu mwenzetu mmoja aliteleza wakati wa kushuka, akabaki akining'inia kwenye kamba ya uhai. Kwa ombi lake simtaji. Kamba ilifanya kazi yake, na hapo ndipo sehemu ya pili ya mafunzo ilipohitajika. Mtu akining'inia bila kujisogeza, mikanda hubana mapaja na damu hutuama miguuni. Shirika la usalama kazini la Marekani, OSHA, limeonya kwamba hali hiyo inaweza kumpotezea mtu fahamu na kumuua katika muda usiofika dakika 30. Mwenzetu alikuwa na kitanzi cha kukanyagia mfukoni. Alikifungua, akasimama juu yake ili damu izunguke, akapiga filimbi, kisha akarudi taratibu kwenye kipandio. Alijua la kufanya kwa sababu alikuwa amefanya zoezi lile la kuning'inia shubiri chache kutoka ardhini, mwenzake akiwa amesimama kando. Waliowahi kulifanya watakubali kwamba dakika chache tu zinatosha kumwonyesha mtu jinsi mapaja yanavyouma, na jinsi ilivyo vigumu kutafuta kitu kilichowekwa kwenye mfuko wa nyuma. Simu, filimbi na kisu vikae mbele, mahali mikono yote miwili inapofika. Na mtu mmoja nyumbani ajue uko mti gani na unarudi saa ngapi.

Kuhusu silaha sina mengi, maana kanuni mnaijua. Hakuna anayepanda na bunduki au upinde mkononi au mgongoni. Bunduki huvutwa juu kwa kamba yake ikiwa haina risasi, chemba wazi, mdomo ukielekea chini, na hakuna anayesimama chini yake. Mishale ikae kwenye podo lenye kifuniko.

Baadhi yenu mmelalamika kwamba taratibu hizi zinachelewesha na zinafukuza wanyama. Nimelisikia na nimelichukulia kwa uzito. Fundo linalosukumwa juu ya kamba halitoi mlio wowote, tofauti na ndoano za chuma zinazogongana. Nami naamini kwamba anayejua amefungwa hutulia zaidi anapolenga, kwa kuwa mwili wake haujishikilii. Wengine wamependekeza kwenda juu zaidi ili harufu isiwafikie wanyama. Ushauri wangu ni kinyume: kadiri unavyopanda, ndivyo pembe ya kulenga inavyokuwa kali na ndivyo inavyokuwa vigumu kupitisha risasi au mshale kwenye mapafu yote mawili. Mnyama aliyejeruhiwa akapotea ni aibu kwetu sote.

Nawashukuru walimu wetu waliojitolea mwisho wa wiki zao, na wale wazee wa chama waliokubali kufunzwa upya na vijana mbele ya kila mtu. Mfano wao uliwafanya wengine wengi wajiandikishe.

Kamati inaleta mapendekezo mawili yapigiwe kura leo. La kwanza: dungu lolote la pamoja lisilo na kamba ya uhai lifungwe, na kamba za madungu hayo zinunuliwe kutoka akiba ya chama, kila moja ikiwa na kibao cha tarehe ya kufungwa na tarehe ya kuondolewa. La pili: mwanachama mpya asipangiwe mti kabla hajafanya zoezi la kuning'inia na kujikwamua mbele ya mwalimu. Kwa wanachama wa zamani tunapendekeza zoezi hilo lirudiwe kila mwaka, siku ya ukaguzi wa vifaa.

Naomba kuwasilisha.